Tunda la Kuonyesha

Paukwa!

— Pakawa!

Masikio yako wapi?

— Yako kwako!

Na simu ziko wapi?

— Mifukoni!

Hata wewe hapo nyuma, unayetabasamu peke yako. Tia mfukoni. Haya, sasa tunaweza kwenda.

Hapo zamani za kale, zamani sana, katika msitu mkubwa walikaa Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, na mkewe Bi Mize.

Hondohondo wana desturi yao. Mama akitaka kutaga, huingia ndani ya shimo la mti, na mlango huzibwa kwa udongo. Hubaki upenyo mwembamba tu, wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo ndani mama hunyonyoka manyoya ya mabawa, hawezi kuruka. Akila, ni kwa kuletewa na mumewe. Asipoletewa, hali.

Bi Mize alipoingia shimoni alisema, "Mume wangu, mimi ndiyo nimejifunga humu. Uhai wangu uko mdomoni mwako."

"Ondoa wasiwasi, mke wangu," Hondohondo akajibu. "Utakula mpaka useme basi."

Na kweli, mwanzoni alimlisha. Asubuhi makuyu, mchana makuyu, jioni makuyu. Makuyu mabivu, laini, yanayochuruzika maji. Bi Mize akala, akashiba, akataga, akaatamia kwa raha zake.

Siku hizo msituni hakukuwa na simu. Lakini alikuwako Kasuku, na kila mti ulikuwa na ndugu yake Kasuku. Ukimwambia jambo asubuhi, jua likifika utosini msitu mzima unalo.

Basi siku moja Kasuku akamwona Hondohondo anamlisha mkewe upenyoni. Akapaza sauti, "Jamani, njooni muone mume! Huyu ndiye mume!"

Wanyama wakashangilia. Swala akasema, "Ningempata mimi!" Mke wa Nyani akamgeukia mumewe, akamtazama kwa jicho baya. Hondohondo akazisikia sifa zake, zikamwingia kichwani.

Kesho yake hakwenda moja kwa moja kwa mkewe. Alipitia kwanza kwa Kasuku.

"Geuza mdomo kidogo, jua likupige," Kasuku akamwelekeza. "Inua shingo. Hapo hapo, usitikisike!"

Msitu ukashangilia. Makuyu yalipomfikia Bi Mize yalikuwa yamenyauka. Akayala hivyo hivyo, akaimba polepole. Nanyi mwitikieni, jamani:

*Mume wangu, niko gizani,*
*kuyu langu limekwama wapi?*

Mara ya pili, Kasuku akauleta umati mpaka chini ya mti wenyewe. Hondohondo akaingiza kuyu upenyoni. Bi Mize akafungua mdomo. Kabla hajaling'ata, sauti zikatoka chini, "Rudia! Tembo alituziba, hatukuona!"

Hondohondo akalivuta kuyu nje, akaliingiza tena. "Rudia!" Akalivuta tena.

"Baba wewe, nipe nile," Bi Mize akasema.

"Subiri kidogo. Wapenzi wetu hawajaona vizuri."

"Kelele zao nitazila?"

"Shh! Usiniharibie jina," mumewe akamnong'oneza.

Bi Mize akahisi uchungu moyoni, kwa sababu yeye ana njaa, na nje wanyama walikuwa wanamwonea wivu. Akaimba:

*Mume wangu, niko gizani,*
*kuyu langu limekwama wapi?*

Mara ya tatu, Kasuku akamwambia Hondohondo, "Ndugu yangu, makuyu haya yanakuchafua kifua. Tafuta kitu kinachovutia."

Hondohondo akatafuta, akapata tunda jekundu, zuri, linang'aa. Lilikuwa gumu, ndani kokwa tupu. Haliozi wala halinyauki. Basi kila siku akawa analeta tunda lile lile. Analiweka upenyoni, msitu unashangilia, umati ukitawanyika analichukua na kwenda kulificha. Kisha huyo, anakwenda kwenye karamu za wakubwa kueleza namna ya kumpenda mke. Huko alikula vizuri sana.

Bi Mize aliishi kwa vijidudu vilivyopita gomeni. Mayai yakaanguliwa, wakatoka vifaranga wawili. Wakafungua midomo. Mama akawa hana cha kutia.

Siku hiyo umati ulijaa kuliko siku zote. Kasuku akauliza kwa sauti, "Tuambie, baba mpya! Vifaranga wangapi?"

Hondohondo alikuwa hajauliza. Lakini alikuwa amesikia milio asubuhi moja akipita, basi akajibu, "Wawili, wazima, wanene kama mama yao!"

Akaliweka tunda jekundu upenyoni. Umati ukashangilia. Mara Bi Mize akaling'ata, akalivuta ndani, akalikalia.

Hondohondo akangoja. Akaingiza mdomo, hakuligusa. Akasahau kwamba msitu mzima uko chini yake, akapiga kelele:

"Mke wangu, nirudishie! Kesho nitaonyesha nini?"

Kasuku ni kasuku. Asikiacho, hukisema. "Nirudishie! Kesho nitaonyesha nini?" akarudia, na ndugu zake wakarudia, mti hadi mti. Wanyama wakaangua kicheko.

Ndipo sauti ya Bi Mize ikatoka upenyoni, ndogo, haina hasira.

"Walikuwa wawili, Baba Watoto. Tangu jana jioni ni mmoja."

Kicheko kikakatika. Wanyama wakaondoka mmoja mmoja, wakitazama chini, maana na wao walishangilia.

Hondohondo akaruka mpaka kwenye mkuyu. Akaja na makuyu, akalisha. Akaenda, akaja, akalisha. Hakuna aliyemtazama, na kifua chake kilichafuka vibaya. Kasuku alimwita njiani, "Simama utuambie unajisikiaje!" Hondohondo akapita. Mdomo ulikuwa umejaa makuyu, asingeweza kujibu hata kama angetaka.

Mlango wa udongo ulipovunjwa, Bi Mize alitoka na mwana mmoja. Hondohondo alisogea kumsaidia kuruka. Bi Mize hakumkatalia, ila alitangulia kulitupa chini lile tunda jekundu.

Ndugu zangu, funzo ni hili: usimpende mtu ili uonekane unampenda. Wakati unapanga watazamaji, mwenye njaa anangoja. Na sisi tunaoshangilia, tuulize kwanza kama aliye ndani amekula.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye kuibeba na aibebe. Na kabla hujatoa simu mfukoni, nenda nyumbani ukamwangalie wako.