Mama wa Redio na Mzee wa Korongo

Walikuwako watu, wapendwa, waliouza nyumba zao wakahamia kwenye mashua. Msicheke. Sisi wa huku juu bahari tunaiona kwenye kalenda, kwa hiyo nivumilieni niwaeleze. Hawa hawakuwa wavuvi wala wachuuzi. Mashua ndiyo nyumba: jiko humo, kitanda humo, ugomvi wa mume na mke humo humo, na hakuna pa kukimbilia kwa shangazi. Husafiri kwa tanga kutoka kisiwa hadi kisiwa, na wakipata ghuba tulivu hutia nanga wakakaa hata miezi mitatu.

Basi mashua kumi na nne zilikuwa zimetia nanga kwenye kisiwa kimoja cha mbali, kisicho na wenyeji. Minazi ipo, kaa wapo, maji ya mvua yapo. Duka hakuna, zahanati hakuna, mtandao ndio usiseme. Hospitali ya karibu ni safari ya siku tatu, tena upepo ukikubali. Walikuwa watu wa mataifa mbalimbali, lakini mfano ni wangu, na mimi nimewapa wote Kiswahili.

Na walipendana, jamani! Mmoja akiishiwa vitunguu, mwenzake anagawa vyake nusu kwa nusu. Injini ya huyu ikigoma, utakuta wanaume watano wameinamia shimo moja, kila mmoja na ushauri wake, na mke wa mwenye injini ndiye anayeona kwamba waya umechomoka. Jumamosi mchana wote hukutana ufukweni, kila mashua na sufuria yake, wakala pamoja.

Kati yao alikuwako mama mmoja, mchangamfu, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Kila mashua ilikuwa na redio ya mawasiliano, ile ya kubonyeza kitufe ndipo useme, na kukiachia ndipo usikie. Kila asubuhi saa moja kamili mama huyu alishika redio yake akaziita mashua kwa majina, moja baada ya nyingine, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Mashua kumi na tatu kwa dakika nne. Hakuna aliyemtuma. Ni upendo tu, na pengine kale kautamu ka kuongoza, ambako hata wazee wa kanisa wanakajua.

"Hapa kwetu," alipenda kusema, "hawezi mtu kuugua nisijue."

Aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Mashua moja ikichelewa kujibu, aliiacha chai ipoe akaiita tena na tena.

Mashua ya mwisho kabisa ghubani iliitwa Korongo. Ndani yake aliishi mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, na cherehani yake ya mkono. Hakukuwa na tanga pale ambalo hakuwahi kulitia kiraka, na ukimuuliza malipo anakuuliza kama una limau. Kasoro yake moja: aliongea taratibu. Ukimuuliza swali, unaweza kumenya ndizi ukaimaliza kabla hajafika kwenye jibu.

Jumanne moja nanga ya jirani yake ilinasa kwenye matumbawe. Mzee akazama, akainasua, akatoka na mchubuko mguuni. Mchubuko tu. Lakini jeraha la matumbawe, kwenye joto lile, halitaki mzaha. Jumatano mguu ukavimba. Alhamisi akapata mtoki na homa. Mtu wa umri ule, bila dawa, wiki moja inaweza kutosha kumzika. Na dawa zilikuwapo! Zilikuwa kwenye mashua ya muuguzi mstaafu, kiasi cha kutupa jiwe. Ila mama wetu wa redio hakujua lolote.

"Korongo, Korongo, habari za asubuhi?"

"Nzuri..."

"Asante, Korongo. Zaituni, Zaituni, habari za asubuhi?"

Jumatano hivyo. Alhamisi hivyo. Ijumaa sauti ya mzee ilikuwa imefifia. Mama akadhani ni betri. Jumamosi hivyo hivyo, nzuri, asante, Zaituni.

Mchana wakakutana ufukweni. Wali wa nazi, samaki wa kuchoma, na keki iliyoungua chini ambayo kila mtu aliisifu. Mzee hakutokea. Mama akampakulia sahani, akaifunika vizuri, akachagua na kipande cha samaki kisicho na miiba, maana alimpenda mzee yule kama baba yake. Akasema atampelekea wakimaliza kula.

Jirani wa mzee akasema, "Labda mguu umemzidi."

"Mguu gani?" akauliza mama.

Jirani akaweka sahani yake chini.

"Si ule alioutaja kwenye redio? Tangu Jumatano."

"Mimi kaniambia nzuri."

"Alisema nzuri, ila mguu umevimba. Jana alisema nzuri, ila hawezi kusimama. Sisi tulimsikia."

"Hata sisi," akasema wa mashua ya pili. Na wa tatu akainamisha kichwa.

"Sasa mbona hamkwenda?"

"Tulijua umesikia, mama. Si wewe ndiye unayeuliza?"

Mnaona, wapendwa? Mzee, kwa kawaida yake, alisema "nzuri," akavuta pumzi, ndipo akasema "ila." Na katika pumzi ile mama alikuwa tayari amebonyeza kitufe kumshukuru. Redio zile, ukibonyeza, husikii. Waliokuwa karibu na Korongo, ambako sauti yake iliizidi ya mama, walimsikia mzee hadi neno la mwisho. Aliyekuwa hasikii ni yule mmoja tu aliyeuliza.

Mama aliacha sahani palepale. Akaingia kwenye boti ya mpira pamoja na muuguzi, wakaenda mbio. Wakamkuta mzee amelala sakafuni, mguu kama gogo, macho yamezama. Na mezani, vikombe viwili vimepangwa.

"Baba, nisamehe," mama akalia. "Sikukusikia."

"Nilishangaa kidogo," mzee akasema, taratibu. "Kila siku nakueleza, nikiachia kitufe nakusikia uko na Zaituni. Nikasema, basi anakuja mwenyewe. Nikapanga vikombe."

Hakufa. Walimtibu, wakampeleka hospitali, safari ya siku tatu, mashua nne zikimsindikiza. Vidole viwili vya mguu alivipoteza.

Najua wengine hapa mlishaandaa methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Alificha nini mzee huyu? Alisema asubuhi nne mfululizo! Sisi mtu hatumfundishi kuanza na jeneza. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo, ila yule mdogo tumemzika juzi. Ndivyo tulivyolelewa. Msiba wetu unakaa nyuma ya neno "nzuri," na anayeondoka baada ya "nzuri" ameondoka na salamu tu.

Mwenye kitufe hapa ni nani? Ni mimi, mchungaji wenu. Kila Jumapili pale mlangoni nawashika mkono: habari za wiki, mama, nzuri, asante, karibu tena, na macho yangu tayari yako kwa anayefuata. Nimeungama. Lakini ninyi je? Mmekaa benchi moja na mtu miaka minane. Mmemsikia akisema mumewe hajarudi, akisema hospitali wamempa tarehe ya majibu. Mkasema moyoni, mchungaji anajua. Mchungaji hajui, wapendwa! Ninyi ndio mliotia nanga karibu naye.

Kwa hiyo leo sitamalizia hotuba, na mama mchungaji atafurahi, ameisubiri siku hii miaka kumi na tisa. Mgeukie aliye pembeni yako, mshike mkono, muulize habari. Akishasema nzuri, usiuachie mkono. Kwaya isubiri, sadaka isubiri. Kipaza sauti hiki nakizima.