Vitumbua vya Bi Mwantumu na Bonde Jipya

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alisimuliwa tu, wanyama walikuwa na mitandao yao. Msinicheke. Mnadhani nyinyi na simu zenu ndio wa kwanza kutangaziana? Wao walikutana Kivukoni, pale mto ulipokuwa mwembamba. Mwenye habari aliisema hapo, na mwenye bidhaa aliinadi hapo.

Kivukoni ndipo alipokaa Bi Mwantumu, digidigi mwembamba, mpika vitumbua. Jioni aliloweka mchele, akausaga, akautia tui na hiliki na hamira. Asubuhi chuma chake kilipolia chwaa, chwaa, foleni ilikuwa imeshafika majini. Alisaidiana na mumewe, Bwana Makame, digidigi mwenye moyo mwema na pupa ya mambo mapya.

Sasa shikeni desturi moja, bila hiyo hamtaelewa kitu. Kivukoni mahali pako palikuwa pako kwa sababu mafiga yako yalikuwa na moto. Yakilala baridi asubuhi tatu mfululizo, yeyote atakayewasha moto wake hapo ndiye mwenyewe, wala hakuna kesi. Mafiga ya Bi Mwantumu aliachiwa na mama yake, na mama naye aliachiwa na mama yake.

Siku moja akaja Kiboko, na nyuma yake Nyati. Huyu Nyati aliuza maziwa ya mgando, na sehemu yake ilikuwa juani, maziwa yakichacha kabla ya saa nne. Sehemu ya Bi Mwantumu ilikuwa na kivuli. Basi.

"Bi Mwantumu, bado upo hapa?" akauliza Kiboko.

"Nipo, mzee wangu. Karibu kitumbua."

Kiboko akachukua saba, akavitia mdomoni kwa pamoja. "Dunia imehama, mama. Tumefungua Bonde jipya, kule nyuma ya mwamba. Wanyama elfu wapo, kazi yao kusikiliza na kuitikia. Wewe hapa una nani? Kobe na ngiri wale wale."

"Na mtu akitaka kujaribu?"

"Hatutaki wa kujaribu. Anayekuja aje na jiko lake lote."

Nyati alisogea karibu na chuma. Alikuwa akitazama mafiga.

Kiboko alipoondoka, Bwana Makame alishindwa kukaa. Akazunguka chuma mara tatu. "Elfu, mke wangu. Tukichelewa, mwingine atatangulia na vitumbua vyake, sisi tubaki tunatazamana na Kobe."

"Kobe analalamika, lakini anakula," akasema Bi Mwantumu. Hata hivyo neno lile lilimwingia. Nani hataki kusikiwa na elfu? Usiku ule aligeukageuka kitandani, na kulipokucha wakajitwika chuma, mawe mengine matatu na ndoo ya unga, wakaenda.

Bondeni palikuwa na ukungu, dimbwi la maji katikati, na kuta za mawe pande zote. Bi Mwantumu akasafisha koo, akaita, "Vitumbua vya moto!"

"Vitumbua vya moto! Tumbua vya moto! Vya moto! Moto!"

Bwana Makame machozi yakamtoka. "Umesikia? Elfu wanaitika."

Bi Mwantumu naye alisisimka, siwezi kuwaficha. Akaita tena, wakaitika tena. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Lakini kwenye sahani hakuja mtu.

"Wako wapi, mzee wangu?"

"Nyuma ya ukungu," akasema Kiboko. "Wateja wa siku hizi wanaangalia kwanza, wananunua baadaye. Vumilia." Kisha akala vyote vilivyobaki, ili visiharibike.

Wakati wa kurudi walipita kwenye kichuguu kimoja ambapo nguchiro vijana walikuwa wameanza kukutana juzijuzi tu. Wakubwa walikidharau, wakisema pale ni pa watoto na vicheko. Nguchiro mmoja akainua shingo, akanusa sahani.

"Mama, hivyo ulivyokuwa ukiuza vina tui zito au la maji?"

"Zito," akajibu Bi Mwantumu.

"Na huwa unaviacha vikauke pembeni? Mimi napenda vilivyokauka pembeni."

"Twende zetu," Bwana Makame akanong'ona. "Hawa wachache, tena hawana adabu."

Asubuhi ya pili wakarudi Bondeni. Mambo yakawa yale yale: wito, mwitiko, na Kiboko kumaliza sahani. Nyati siku hiyo hakuonekana. Walipopita Kivukoni wakamkuta amejilaza kando ya mafiga ya Bi Mwantumu, na ubavuni ana mzigo wa kuni kavu.

"Unafanya nini hapa, shemeji?" akauliza Bi Mwantumu.

"Napumzika tu."

"Na kuni?"

Nyati akazitazama kuni kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. "Za kuegemea," akasema. Kisha akainuka taratibu, akaondoka, na kuni akaziacha pale pale.

Bi Mwantumu akaketi chini. Aliogopa, wanangu, aliogopa kweli. Akagusa figa moja kwa ukwato, lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na akakumbuka mama yake alivyokuwa akiinama hapo na kupuliza moto. Kesho ilikuwa asubuhi ya tatu.

"Labda kesho ndiyo watajitokeza," akasema Bwana Makame, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Bwana Makame, nikuulize. Siku mbili hizi, umemsikia mmoja kule akiuliza kitu?"

Bwana Makame akafikiri. "Waliitika."

"Waliitika nilichosema mimi. Sikusikia aliyesema chake. Hapa Kobe ananiambia kila siku hiliki imezidi. Ngiri anadai vya jana vilikuwa vikubwa zaidi. Yule mtoto wa kichuguuni kauliza tui. Lakini kule wapo elfu, na hakuna hata mmoja mwenye neno la kunisema?"

"Kwa hiyo hawapo?"

"Sijui," akasema Bi Mwantumu. "Ndiyo maana nitawaita waje niwaone."

Alasiri hiyo akaenda Bondeni peke yake, akapaza sauti. "Kesho asubuhi, kitumbua cha bure Kivukoni! Kila mmoja alete ganda moja la upupu! Moja tu, mlibebe kwenye ncha ya kijiti!"

Bonde likaitika lote. Kiboko akatokeza kichwa majini. "Kwa nini Kivukoni? Na maganda ya nini?"

"Ya kuwajua wageni wangu, mzee. Yakifika elfu, nahamia kwako moja kwa moja, na mafiga ya mama yangu achukue Nyati. Kobe ni shahidi wangu."

Macho ya Kiboko yakang'aa. "Yatafika," akasema.

Mnaujua upupu? Ule mmea wenye maganda ya manyoya, ukiligusa moja unajikuna mpaka jioni. Kiboko aliusikia kwa jina tu, maana maisha yake ni majini, na Nyati aliiamini mno ngozi yake.

Akirudi, Bi Mwantumu alisimama kichuguuni pia. Pale hakupiga kelele. "Nyinyi leteni unyoya mmoja mmoja wa kanga," akawaambia.

"Mweupe au wa madoa?" akauliza yule nguchiro.

"Wowote," akasema Bi Mwantumu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili akacheka.

Asubuhi ya tatu aliwasha moto kwenye mafiga yake, akitumia kuni za Nyati, maana zilikuwa kavu vizuri. Bwana Makame akachungulia njia ya Bondeni. "Na wakija elfu kweli?"

"Wakija elfu kweli tutahama, na nitafurahi. Sina ugomvi na mahali papya. Ugomvi wangu ni kutoambiwa ukweli."

Kobe akafika. Ngiri akafika. Wakauliza kwa hasira walikuwa wapi siku mbili. Halafu wakaja nguchiro sita, kila mmoja na unyoya wake, na yule msemaji akachagua kilichokauka pembeni.

Kutoka Bondeni hakuja mtu. Ganda hata moja halikuonekana njiani. Kobe alitazama njia, akamtazama Bi Mwantumu.

Mara ardhi ikatikisika. Gudu, gudu, gudu! Nyati alikuja na mlima wa maganda mgongoni, umefungwa kwa mizizi. Kiboko alikuja nyuma yake, mashavu yamevimba, kinywa kimejaa maganda mengine.

"Wateja... wametutuma," akasema Nyati, akihema. "Wana haya ya kuja. Hesabu, yapo elfu. Toka kwenye hayo mafiga."

"Poleni kwa mzigo," akasema Bi Mwantumu. "Shusheni polepole, nianze kuhesabu. Moja."

Nyati akatikisa bega. "Mbili," akasema Bi Mwantumu. Nyati akasugua ubavu kwenye shina la mti, kwaru. "Tatu." Kwaru, kwaru, kwaru!

Kiboko ndiye aliyekuwa na balaa. Ulimi ulimwasha, ufizi ukamwasha, koo likamwasha. Akatema maganda yote, akakimbilia mtoni, chubwi! Akatoa kichwa, akafungua kinywa, akakizamisha tena.

"Umetutegea sumu!" akanguruma alipopata pumzi.

"Si sumu, mzee wangu," akasema Bi Mwantumu, akigeuza kitumbua kwa kijiti chake. "Mteja mmoja hubeba ganda moja kwenye ncha ya kijiti, wala hawashwi. Anayewashwa ni yule aliyebeba ya watu elfu peke yake."

Kisha Kobe akaanza kucheka, na Kobe akicheka huchukua muda mrefu kumaliza.

"Elfu walikuwa nani, basi?" akauliza Ngiri.

"Ni mimi," akasema Bi Mwantumu. "Nilikuwa nikipiga kelele, mawe yananirudishia. Nilipenda kuisikia sauti yangu, na nusura inipotezee mafiga ya mama yangu."

Nyati alirudi juani na maziwa yake, akijikuna mpaka Jumapili. Bonde liko pale pale; ukiita, litakuitikia. Na kila Ijumaa Bwana Makame alipeleka sahani moja kichuguuni, vilivyokauka pembeni. Mwanzo walikuwa sita. Baada ya mvua walikuwa wengi kiasi kwamba ilibidi sahani ziwe mbili, na bado moto wa Kivukoni haukuzimwa.

Haya, wanangu. Mmekaa tangu mchana mkiniambia shangazi yenu nifunge kibaraza, nihamishie ushonaji wangu wote kwenye huo mtandao mpya uliotoka juzi, eti kuna maelfu. Nipigieni picha gauni moja, hilo la bluu, mliweke huko. Akitokea hata mmoja akauliza kama kola inashushwa, nitashona la pili. Wakinipigia makofi tu, nitajua ni mawe. Cherehani haitoki hapa.

Mahali papya pajaribu kwa sahani moja, na moto wako usiuzime kwa sababu ya kelele.