Nyani Alivyogeuka Mke wa Hondohondo

Hapo zamani za kale, enyi watoto mnaochezacheza huko nyuma, milimani ambako ukungu hushuka mpaka mtu halioni tumbo lake mwenyewe, aliishi ndege aitwaye Chozi. Alikuwa mdogo kama kidole gumba, kifua chekundu, mgongo wa kijani unaometameta, na mdomo usiojua kunyamaza.

Asubuhi moja mkewe alikwenda kunyonya maua, Chozi akabaki kuyalinda mayai yao mawili. Mara, kraa! Tawi likalia. Nyani huyo!

"Hodi! Nimekuja kufungua kinywa," akasema Nyani, macho kwenye mayai.

Mayai hayo ndiyo yaliyokuwa watoto wote wa Chozi. Hata hivyo, akacheka.

"Bwana Nyani! Mkubwa mzima unahangaika na viyai kama maharage? Mayai ya jirani yangu Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, je? Makubwa kama ngumi yako! Mkewe yuko kwa mama yake, tundu lile pale kwenye mti, liko wazi. Mayai yamo ndani, chini kabisa."

"Usiniambie!" Nyani akajisokomeza tunduni, kichwa kwanza, fyuu!

Chozi akaruka hadi bondeni, alikokuwa Hondohondo akikanda udongo. Maana kina Hondohondo wana desturi yao: mke akitaka kutaga huingia tunduni, mume akamziba humo kwa udongo na kuacha upenyo mwembamba wa kumlishia.

"Kaka, hongera! Shemeji amerudi, yumo ndani tayari. Ziba upesi, anaona baridi!"

"Maskini mke wangu!" Katika ukungu ule Hondohondo akaziba, pata-pata-pata, wala hakuchungulia.

Nyani akageuka humo kwa shida, akakuta udongo umeshakauka. "Nifungue! Mimi ni Nyani!"

"Loo, homa imempanda, anaweweseka," akasema Hondohondo, akamsukumia tini mdomoni. "Kula, mpenzi."

Mwezi mzima Nyani alilishwa na kuimbiwa nyimbo za mapenzi. Vifaranga vya Chozi vikaanguliwa, vikaota manyoya, vikaruka zao.

Ndipo Bi Hondohondo alipofika kutoka kwa mama yake, mzigo kichwani.

"Mume wangu, unamwimbia nani?"

"Ninakuimbia w..." Hondohondo akamtazama mkewe, akautazama mti.

Bi Hondohondo akaudonoa udongo, ko! ko! ko! Puu! Nyani akadondoka, kanenepa kama gunia.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba," akasema kwa adabu.

Badala ya marahaba, alidonolewa makalio kutoka kileleni hadi bondeni, mpaka yakawa mekundu.

Basi, anayenyemelea watoto wa wadogo asishangae akifungiwa ndani kama mke wa mtu.