Neno Kwenye Kitabu cha Kuku

Wapendwa, alikuwepo mama mmoja mtunza kumbukumbu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye maktaba za umma, kupiga picha kurasa za vitabu vikuukuu na kuziingiza kwenye kompyuta, ili hata mchwa wakila karatasi, maneno yabaki. Kazi njema kabisa. Na mama yule alikuwa msafi. Ukurasa ukitoka mikononi mwake umetakata kama sahani ya mgeni.

Kitu kimoja tu kilimtia hasira: watu wanaoandika kwenye vitabu vya maktaba. Akikuta penseli pambizoni, anafyonza, anachukua raba, anafuta, ndipo anapiga picha. Nani kati yetu angemlaumu?

Asubuhi moja akaingia mzee, kofia mkononi, akaulizia kitabu cha ufugaji wa kuku.

"Kipo, baba. Nimekimaliza juzi. Unataka kukiazima?"

"Hapana, mwanangu. Nataka ukurasa ule wa kuku anayeatamia. Marehemu mke wangu aliniandikia neno pale."

Mama wa watu akakitoa kitabu rafuni, akakiweka mezani. Ukurasa ule aliukumbuka vizuri, maana ulimsumbua kuufuta.

Mzee akaeleza. Zamani aliuza cherehani ya mkewe bila kumuuliza. Mke hakugomba, alinyamaza tu. Baadaye wakarudi kuzungumza habari za chumvi na za watoto, lakini ya cherehani hayakutajwa tena, wakazeeka hivyo hivyo. Mwaka huu, akiwa kitandani mgonjwa, mkewe akamwambia, "Nilikuandikia kwenye kile kitabu cha kuku ulichokuwa unaazima kila mwezi. Hukunijibu." Hakusema lingine. Na mzee hakuwa amekiazima tena, kwa sababu mwaka ule ule wa cherehani kuku wake waliisha kwa ugonjwa wa kideri, akaacha kufuga.

"Sasa sijui kama alinisamehe au alinilaani," mzee akasema. "Ndilo linalonimaliza."

Wapendwa, mngekuwa ninyi mngesemaje? Ilikuwa rahisi kumwambia kitabu kimepotea. Mama akalitazama lile jibu rahisi, akaona aibu.

"Baba, neno lilikuwepo. Nimelifuta mimi, kwa mkono wangu, wala sikulisoma. Nisamehe."

Mzee akavaa kofia yake polepole. "Hukujua, mwanangu," akasema, akageuka aende zake.

"Subiri kidogo, baba."

Akafunga madirisha, akazima taa ya darini. Akachukua taa yake ya mezani, akaishusha mpaka ikalala kando ya kitabu, mwanga ukipita juu ya karatasi kutoka ubavuni. Yule bibi aliandika kwa kukandamiza. Risasi ya penseli ilikuwa imefutika, lakini vijifereji vyake vilibaki kwenye karatasi, na sasa kila kimoja kikatupa kivuli chake. Mama akasoma taratibu, kidole kikifuata:

"Cherehani imekwenda, basi. Wewe usiende."

Mzee akakaa chini akalia, na mama akalia naye. Kisha akaupiga picha upya ukurasa ule, taa ikiwa palepale chini.

Najua mnangoja niwahubirie habari za taa. Kwamba ukimmulika mwenzako kutoka juu humwoni, mpaka ushuke ukae naye sawasawa. Ni kweli, na mkashike hilo.

Lakini mimi, wapendwa, moyo wangu umenasa kwa yule bibi. Alisamehe! Alisamehe wiki zile zile, neno zuri kuliko yote niliyowahi kuhubiri hapa. Akaliweka wapi? Pambizoni, kwa penseli, kwenye kitabu cha kuku. Akangoja jibu, na mumewe akangoja hukumu, miaka na miaka, wakila meza moja.

Sisi je? Hatujui tabia hii? Tumesamehe kimoyomoyo, tumemwachia mwenzetu ishara: tumempikia anachokipenda, tumemnyooshea shati, tunadhani ameelewa. Hajaelewa. Anaogopa mpaka leo.

Basi usitegemee kwamba atakuja mtu wa kushusha taa. Huyo uliyekwisha kumsamehe pengine amekaa benchi hilo hilo ulilokaa wewe. Ibada haijaisha, nami nitanyamaza kidogo. Mgeukie, umwambie kwa mdomo.