Jeki Zilizopakwa Rangi

Ninyi mliokaa karibu na ukuta huu wa kushoto, tunzeni mabega yenu msije mkaondoka na rangi. Bado haijakauka. Nitaurudia ukuta huo baadaye. Kwanza nisikilizeni.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi wa jeki. Naona wengine mnatabasamu. Alikuwa fundi kweli kweli, na madereva wa malori waliwapita mafundi wanaume watatu barabarani kumfuata yeye. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, akamzidi. Weusi wa mafuta haukumtoka vidoleni hata siku ya Pasaka, na hakuona haya.

Basi wilaya ile ilikuwa na zahanati ya kutembea. Kilikuwa chumba cha mbao na bati chenye mlango, dirisha, kitanda na mizani ya watoto, nacho kilibebwa mgongoni mwa pikapu kubwa. Kila kona ya chumba ilikuwa na jeki ndefu. Wakifika kijijini wanazipampu zile jeki nne, chumba kinanyanyuka, pikapu inatoka chini yake kwenda kufuata dawa, na chumba kinabaki kimesimama kwa miguu yake yenyewe wiki nzima. Ndani yupo muuguzi mmoja, dada mpole, anapima wajawazito na kuchanja watoto. Kwa hiyo mnaelewa, mguu mmoja ukilegea, anayeanguka ni mwanamke mwenye mimba.

Yule mama fundi ndiye aliyekabidhiwa jeki hizo. Ndani ya kila jeki kuna chuma kinachotoka na kurudi, kimesuguliwa hadi kinang'aa, na pale kinapotokea pana mpira mwembamba, mafundi wanauita sili. Kazi ya sili ni kuzuia mafuta ya ndani yasitoke. Mafuta yakitoka, mguu unazama. Uzito wa chumba kizima, na kitanda, na mizani, na mama wa watu, unategemea mpira mnaoweza kuuvaa kidoleni. Na adui wa mpira huo ni kitu chochote kitakachoganda juu ya kile chuma, maana chuma kikirudi ndani kinarudi na uchafu wake na kuuchana. Ndiyo maana kila Jumatatu alikifuta kwa kitambaa laini chenye mafuta, taratibu, kama unavyomfuta mtoto uso. Alikuwa na sheria moja, aliirudia mpaka dereva akamchoka. Chuma hiki kikae wazi na kikae safi.

Jumatatu moja akaikuta jeki ya nyuma, upande wa mlango, inavuja. Mafuta yametiririka hadi kwenye kitako, yameshika vumbi, yamekuwa tope jeusi. Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati.

"Mwenyekiti, sili imechoka. Nipe siku nne niifuate nyingine mjini, nije niifungue jeki. Mpaka hapo mtu asipande humo."

"Mama fundi, Jumamosi tuna mgeni mkubwa. Anakuja kukiona chumba hicho hicho, na wapiga picha wanakuja naye. Jeki utafungua baada ya sherehe."

"Na wajawazito?"

"Hao wamezoea."

Ndugu zangu, mmelisikia jibu hilo? Hao wamezoea. Yule mama alitoka pale kifua kinamwaka. Akapanda gari kwenda mjini, akazunguka maduka ya vipuri siku mbili, akaipata sili, akarudi nayo Jumamosi asubuhi ameifunga kwenye leso.

Akakuta jeki zimepakwa rangi. Rangi ya fedha, zote nne, kutoka kitako hadi juu. Wale waliopewa kazi walikuwa wamekinyanyua chumba mpaka mwisho ili vyuma vitoke vyote, wakavipaka navyo, kwa sababu mwenyekiti alitaka miguu yote ifanane. Wamepaka rangi ya fedha kwenye chuma kilichokuwa kinang'aa chenyewe. Hata lile tope la mafuta hawakuliondoa. Walipitisha brashi juu yake.

Yule mama hakusalimia mtu. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akapiga magoti, akaanza kusugua. Mwenyekiti akaja mbio na suti yake, akamshika mkono.

"Mama, unaniharibia rangi na wageni wako njiani."

"Niharibu. Chuma hiki hakipakwi. Na chumba hiki msikishushe hata shubiri moja, rangi ikiingia ndani inakwenda kuichana sili."

"Tumekuelewa, mama. Hebu nenda kaoge, uvae vizuri. Umepangiwa kiti chini ya turubai, mstari wa pili, na jina lako litatajwa."

Akaenda akaoga. Ndiyo, akaenda. Akakaa kwenye kile kiti, mstari wa pili, akaletewa soda baridi. Jina lake lilipotajwa watu wakapiga makofi.

Mgeni akafika. Alikuwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, na ngazi ikawa ndefu kwake. Mwenyekiti akamkonyeza dereva, dereva akakishusha chumba shubiri mbili. Yule mama akaona vyuma vyote vinne vinarudi ndani na rangi yake. Akainuka nusu. Jirani yake akamvuta gauni, akamnong'oneza, "Mama, kaa, unawaziba wanaopiga picha." Akakaa.

Mgeni akapanda, akapungia, akashuka. Akasifu usafi. Kabla ya saa saba alikuwa ameondoka, na turubai likaanza kufunguliwa. Hapo sasa ndipo walipoitwa wajawazito, ambao tangu asubuhi walifichwa nyuma ya ghala ili wasionekane kwenye picha na madumu yao na kanga zao zilizochakaa. Fundi alikuwa ameshakwenda nyumbani kuvua gauni na kuchukua spana. Alikuwa njiani anarudi aliposikia mayowe.

Kona ya mlango ilikuwa imeshuka ghafla. Mwanamke wa nne, mimba ya miezi minane, alikuwa anateremka kitandani, chumba kikainama, akateleza kuelekea mlangoni. Muuguzi akamdaka kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akashika fremu ya mlango. Mlango ukajifunga wenyewe, wenye chuma, juu ya ule mkono. Hakumwachia yule mwanamke. Mama na mtoto walipona. Mkono wa muuguzi haukupona. Hadi leo vidole vitatu havikunjiki, na hawezi kushika sindano.

Jumatatu kamati ikamwita fundi. Akakuta meza ina kitambaa cheupe na maji ya chupa.

"Mama," mwenyekiti akaanza, "jeki zilikuwa chini ya uangalizi wako. Kamati imefedheheka sana."

Fundi alifungua leso yake, akaitoa sili ya zamani, aliyoifungua mwenyewe asubuhi ile. Ilikuwa imechanika mzunguko mzima, na kwenye mipasuko yake kulikuwa na chembe za rangi ya fedha. Akaiweka juu ya kitambaa cheupe, ikaacha alama ya mafuta.

"Rangi ni yenu," akasema. "Kiti nilikalia mimi, na soda nilikunywa mimi. Nililijua jambo hili, nikakaa. Hilo nimelibeba, sitawaachia ninyi. Nanyi bebeni lenu."

Wajumbe wengine wakaangalia chini. Ungedhani sasa wameelewa. Mwenyekiti akakohoa.

"Mama, ujumbe umefika. Tengeneza upesi, maana mwisho wa mwezi kuna wageni wengine. Na safari hii tutatafuta rangi ngumu zaidi, isiyobanduka."

Yule mama alitoka bila kuaga. Alikwenda kwenye kile chumba, akakishusha juu ya magogo mpaka kikakaa chini kabisa, akaifungua miguu yote minne na kuondoka nayo kwenye mkokoteni. Wakamtumia watu. Akawaambia hatairudisha mpaka aifungue mmoja mmoja, aisafishe, aikague, na wageni wakija wakikute chumba kimekaa chini kama kilivyo.

Nawaona mnavyotikisa vichwa. Wazee wangu wa mbele hapa, mmoja ameguna. Mmemkasirikia mwenyekiti, na mimi nilimkasirikia. Nilikasirika tangu Jumatano nilipoanza kuuandika mfano huu. Nikaendelea kukasirika mpaka Ijumaa, rangi hii ilipoanza kupakwa, na harufu yake ikanifikia ofisini.

Tunaipaka kwa nini? Kwa sababu Jumapili ijayo tuna mgeni.

Na mwezi uliopita, ni nani alikuja mbele ya baraza la wazee na jicho limevimba, akasema amechoka kupigwa nyumbani? Simtaji, wala msigeuze shingo kumtafuta. Aliyempiga anakula nasi meza ya Bwana. Tulimwambiaje? Tulimwambia, binti yetu, vumilia kidogo, ugeni upite kwanza. Tukamwambia kwaya inamhitaji, afunge kilemba vizuri kishuke usoni. Kisha tukamtungia ombi zuri na kusema amina. Alikuja na kitu kinachovuja, sisi tukapitisha brashi juu yake. Na mmoja wetu akasema, nanukuu, "huyu amezoea." Mimi mchungaji wenu nilikuwa kwenye kiti changu, chai iko mbele yangu. Nilikunywa ile chai.

Sitaki mtu aniambie leo kwamba mahubiri ni mazuri. Mguu unazama, ndugu zangu. Tumemsimamisha mtu juu yake, tumemwacha humo ndani, na tunahangaika na rangi. Mungu hahitaji wiki ijayo kutuona. Anaziona chembe za fedha kwenye mpira.

Baada ya ibada wazee wote tunabaki, na mlango wa ofisi utafungwa. Mume wa binti yule nimeshamwita, naye anajua kwa nini. Wakati huohuo akina mama watatu watakwenda kwa binti mwenyewe, kumwuliza anataka nini, wamsikilize mpaka amalize, na kama anataka kuondoka katika nyumba ile leo, aondoke leo, chumba kipo nyumbani kwangu.

Na ile rangi, nimewasimamisha wapakaji jana. Ukuta huu wa kushoto umepakwa, ule wa kulia haujapakwa, na utabaki hivyo. Kopo lililobaki nimelifungia kabatini, ufunguo uko mfukoni mwangu. Mgeni akifika Jumapili atauona ukuta mmoja mpya na mwingine wenye madoa, atauliza. Mimi nitamweleza sababu, mbele yenu nyote.