Furukombe na Ushuru wa Hori

Mnamtukana furukombe bila kumjua, basi leo nisikilizeni. Ulikuwapo wakati ndege huyu hakujua kunyang'anya. Alikuwa mlinzi wa hori la Mikokoni, mkono wa bahari ulioingia kati ya mikoko, na cheo hicho alikipenda kuliko samaki wenyewe. Ndege yeyote aliyetaka kuvua humo alitua kwanza kwenye fungu la mchanga, akapiga hodi. Furukombe alimkaribisha, mgeni akavua cha kumtosha, akaaga. Hata Mdiria, jirani yake mdogo mwenye manyoya ya buluu, alipiga hodi kila asubuhi ingawa alizaliwa papo hapo.

Mwaka mmoja wakaja Mwari, kundi zima, kutoka ng'ambo. Hodi hawakupiga. Walijipanga safu, wakatumbukiza midomo yao yenye mifuko, wakazoa samaki wakubwa na wadogo, hata wale ambao walikuwa hawajajua kuogelea sawasawa. Furukombe akawakemea. Kiongozi wao akageuka, maji yakimchuruzika mdomoni.

"Mzee, kumbe hori hili lina mwenyewe?" alisema. "Basi tuonyeshe huyo mwenyewe."

Furukombe akafunga safari ya bara kwenda kushtaki kwa Mfalme Mbuni, Mdiria akaenda naye kama shahidi. Wakakuta Mbuni amekufa na wakubwa wanagombea kiti chake, wananyonyoana manyoya. Hakuna aliyewauliza hata walikotoka. Wakarudi pwani bila hukumu.

Ndipo wivu ulipomwingia. Kutwa nzima Furukombe alikaa juu ya mkoko akitazama mifuko ya Mwari ikijaa na kutuna. Aliufikiria mdomo wake mwenyewe, mfupi, uliopinda, akauchukia. Mkewe naye hakumwonea huruma.

"Wake wa Mwari wanachagua wa kula na wa kutupa, Baba Makinda," alimwambia. "Sisi hapa tunalamba magamba."

Maneno hayo yalimkaa rohoni siku mbili. Siku ya tatu alijitupa kutoka juu, akampokonya Mwari mmoja samaki mdomoni. "Huu ni ushuru wa hori," alisema. Ndege wote wa Mikokoni wakamshangilia, Mdiria zaidi ya wote, na mimi ningekuwapo ningeshangilia pia. Kesho yake akatoza tena, na kesho kutwa. Akaona kumbe kupokonya hakuna taabu ya kuvua: huloi, hungoji, hukosi. Makinda wake wakanenepa. Mkewe akaanza kutembea kwa maringo. Taratibu Furukombe akaacha kabisa kuvua.

Kisha samaki wakaisha. Mwari wakaruka kwenda kumaliza kwingine, na kwaheri hawakusema. Furukombe akabaki na makinda wanaolia na kucha zilizosahau maji.

Asubuhi moja alimwona Mdiria akiibuka majini na dagaa mmoja, wa kwanza kwa siku nne. Alikuwa amepiga hodi kama kawaida yake, na sasa anawapelekea wanawe akiwa na furaha isiyofichika. Furaha hiyo ndiyo iliyomchoma Furukombe. Dagaa mwenyewe hakuwa na maana. Kilichomuuma ni kuona ndege asiyejaza hata kiganja ana kitu cha kupeleka nyumbani, na yeye mwenye hori hana.

Akajitupa, akamnyakua yule dagaa. "Ushuru," alisema.

Mdiria alimtazama, mdomo mtupu. "Mimi nilipiga hodi, jirani. Na wewe ukaniambia karibu."

Furukombe akampa mgongo. Akaruka na yule dagaa hadi kiotani, na hakumtosha hata kinda mmoja.

Siku ile ile Mdiria akachimba shimo kwenye ukingo wa hori, akawaficha wanawe humo, na wajukuu zake wanazalia mashimoni mpaka leo. Na tangu siku hiyo furukombe humpokonya samaki ndege yeyote apitaye, awe mgeni au mwenyeji. Ukimuuliza kwa nini, atakusimulia habari za Mwari mwanzo hadi mwisho, na hatakudanganya hata neno moja. Ila mtazame kuchani wakati anakusimulia. Samaki aliyemshika ni wa jirani yake.