Lakiri Tatu, Nafasi Moja

Nitawapa kesi, nanyi mtakuwa baraza. Naomba mtu asiamue kabla sijamaliza.

Katika mji wa Kisarazo walikuwapo watumishi watatu wa serikali. Ambakisye, fundi wa maji, alilaza sikio kwenye bomba na kujua lilipopasuka, hata likiwa chini ya lami. Mwinjuma, dereva wa idara ya barabara, alipitisha lori mahali ambapo wengine waliacha hata pikipiki. Sikudhani, muuguzi, aliupata mshipa wa mgonjwa aliyekaukiwa mpaka ngozi imejikunja.

Kila mmoja alikuwa chini ya wakala wake: maji, barabara, afya. Serikali ikaona wakala tatu ni gharama, ikaziunganisha kuwa moja. Amri ikatoka makao makuu: mali yote ifungwe kwa lakiri mpaka timu ya uhakiki ifike kuihesabu. Atakayevunja lakiri amejifukuzisha kazi.

Bi Eligiva, afisa utumishi wa wilaya, alizunguka na nta yake nyekundu. Alifunga ghala la dawa ya kutibu maji. Alifunga mlango wa lori. Alifunga wodi ya magonjwa ya kuhara, ambayo wakati huo haikuwa na mgonjwa.

Watumishi waliagizwa kuendelea kuripoti. Kila asubuhi walisaini mahudhurio, wakakaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka jioni. Asiyesaini alihesabiwa mtoro.

"Shemeji, leo nikae upande gani?" Mwinjuma alimuuliza Sikudhani, maana waliitana hivyo kwa utani. "Jana nilikaa kulia, kiuno kikaniuma."

"Kaa katikati. Ndicho cheo chako kipya."

Ambakisye hakucheka. "Maji yanakwenda mjini hayajatibiwa," alisema. "Nimemwambia Bi Eligiva. Ameuliza makao makuu. Wamejibu tusubiri timu."

Timu haikuja. Kilikuja kipindupindu.

Ambakisye alikuwa wa kwanza kuondoka kwenye benchi. Alivunja lakiri ya ghala, akatoa dawa, akaitia kwenye tangi. Wagonjwa waliendelea kuongezeka. Akafuata bomba kuu akilisikiliza, mpaka akakuta limepasuka kando ya choo cha soko. Hakuwa na kipande cha kuliunga, hivyo akafunga maji ya nusu ya mji. Watu waliokosa maji walimpiga mawe, na jicho lake la kushoto likapofuka. Kuanzia hapo wagonjwa wapya wakaanza kupungua. Kama asingefunga lile bomba, hakuna dawa ambayo ingetosha.

Sikudhani alivunja lakiri ya wodi. Aliwalaza wagonjwa wawili wawili kitandani, wengine sakafuni, akawatundikia dripu zilizokuwamo. Alipoona zinakwisha, alimfuata Mwinjuma.

Mwinjuma alikuwa wodini tayari. Mkewe, Havijawa, aliletwa asubuhi hiyo.

"Ghala la mkoa lina dripu," Sikudhani alisema. "Barabara imekatika. Ni wewe tu unayeweza kupita."

"Na huyu?"

"Nenda, shemeji. Nitamwangalia."

Mwinjuma alivunja lakiri ya lori, akaondoka. Penye daraja lililosombwa alishuka, akatindua ukingo kwa sururu, akavuka mtoni. Kama asingekwenda, wodi nzima ingezikwa.

Kabla hajarudi, ilibaki chupa moja ya dripu. Havijawa alikuwa hajitambui. Kando yake alilala mtoto ambaye hakuna aliyewajua wazazi wake. Alikuwa bado akifumbua macho akiitwa. Sikudhani aliwatazama wote wawili, akamtundikia mtoto.

Lori lilifika limejaa. Mwinjuma alishusha maboksi yote, kisha ndipo akauliza mkewe amehamishiwa wapi. Sikudhani alimwonyesha shuka lililomfunika uso. Kisha akarudi kutafuta mishipa ya waliobaki, na wengi wao wakapona.

Ugonjwa ulipokwisha, timu ya uhakiki ikafika. Kiongozi wake alihesabu mali, akaziona lakiri tatu zilizovunjwa.

"Kanuni iko wazi, wote watatu wanaondoka," alimwambia Bi Eligiva. "Lakini wakala mpya imeipa Kisarazo nafasi moja, nami nimeruhusiwa kumsamehe mmoja. Wewe unawajua. Taja jina kabla hatujaondoka. Usipotaja, nafasi inakwenda wilaya nyingine."

Bi Eligiva aliwaita ofisini.

"Mimi nina jicho moja," Ambakisye alisema. "Nikitoka hapa, nani ataniajiri?"

"Mjini hawaniamkii tangu Havijawa afe," Sikudhani alisema. "Nikifukuzwa, watasema hata serikali imeona nilimuua."

Wa mwisho alikuwa Mwinjuma. "Nilimwacha mke wangu nikafuata dripu za watu. Kama na kazi naikosa, nilipata nini?"

"Unamlaumu Sikudhani?" Bi Eligiva aliuliza.

"Simlaumu. Ila usinikalishe naye tena benchi moja." Kisha akamtazama afisa utumishi. "Na lakiri ulibandika wewe, dada. Mbona wewe hufukuzwi?"

Nje, dereva wa timu alikuwa ameshawasha gari.

Sasa, baraza, kazi ni yenu. Aliyefunga bomba alizuia wagonjwa wasiongezeke, na amelipa kwa jicho. Aliyeleta dripu aliwapa wodi nzima uhai, na amelipa kwa mke. Aliyetundika dripu aliwarudisha watu mmoja mmoja, na amelipa kwa kuchagua nani afe. Angepungua mmoja, kazi ya wawili waliobaki isingefaa kitu. Na msiseme wote watatu, kwa maana nafasi ni moja. Wala msikae kimya, kwa maana mkinyamaza mji unabaki hauna hata mmoja.

Gari linaunguruma. Je, wewe ungetaja jina la nani?